Programu Dhibiti ya Kompyuta ya Nyumbani: Lini Isasishwe na kwa Utaratibu Gani

Kompyuta inapowashwa, kazi ya kwanza haifanywi na Windows wala mfumo endeshi mwingine wowote. Hufanywa na programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya chipu moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi huuita madabodi. Programu hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi, skrini na diski, kisha huukabidhi mfumo endeshi kazi iliyobaki. Jina lake la Kiswahili ni programu dhibiti. Wengi huifahamu kwa jina la BIOS. Katika kompyuta za miaka ya karibuni nafasi yake imechukuliwa na UEFI, ingawa mafundi wengi bado huita zote mbili BIOS.

Mara kwa mara mtengenezaji wa kompyuta hutoa toleo jipya la programu hiyo, na mkazi hukuta ujumbe kwenye skrini ukimtaka akubali kusasisha. Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana. Programu ya kawaida ikiharibika wakati wa kusasishwa, hufutwa na kuwekwa upya. Programu dhibiti ikikatizwa katikati, kompyuta inaweza isiwake kabisa, kwa kuwa kile kinachoiamsha ndicho kilichoharibika. Kwa upande mwingine, programu dhibiti iliyoachwa miaka mingi inaweza kubaki na tundu la usalama ambalo programu ya kuzuia virusi hailifikii. Katika kaya au kikundi chenye kompyuta moja tu, ambamo zimo kazi za mwanafunzi, hesabu za VICOBA na nakala za hati za kiwanja, kosa la upande wowote ni ghali.

Wahenga waliacha methali mbili zinazolihusu jambo hili. Moja husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyingine husema haraka haraka haina baraka. Mwenye kompyuta anazihitaji zote mbili. Ya kwanza humfundisha kutopuuza sasisho lenye sababu. Ya pili humfundisha kutolianza kabla umeme, nakala za kazi zake na faili sahihi havijawa tayari.

CHIPU INAYOANDIKIKA

Katika kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981, programu dhibiti iliandikwa mara moja kiwandani. Ikigundulika kuwa na kosa, njia pekee ilikuwa kung'oa chipu na kuweka nyingine. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walianza kutumia kwa wingi chipu zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya bila kung'olewa. Tangu hapo kosa la kiwandani liliweza kurekebishwa nyumbani. Lakini chipu inayokubali kuandikwa na mwenye nyumba humkubali pia mwizi.

Hilo lilidhihirika tarehe 26 Aprili 1999, siku ambayo Watanzania huadhimisha Muungano. Siku hiyo kirusi kilichoitwa CIH, ambacho kiliandikwa Taiwan mwaka 1998, kiliamka katika kompyuta nyingi duniani, hasa barani Asia. Kilifuta sehemu ya mwanzo ya diski, na katika baadhi ya kompyuta kiliandika takataka juu ya programu dhibiti, kompyuta hizo zikashindwa kuwaka. Tangu wakati huo watengenezaji wameongeza kinga. Kompyuta nyingi za sasa hukataa faili isiyo na sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji. Kinga hiyo hupunguza hatari, lakini haimwondolei mtumiaji wajibu wa kuchagua faili sahihi na wakati sahihi.

SABABU NNE ZINAZOTOSHA

Ya kwanza ni usalama. Januari 2018 zilitangazwa kasoro mbili za vichakataji, Meltdown na Spectre, ambazo ziliwezesha programu moja kusoma siri za nyingine. Sehemu ya tiba yake ilipitia katika programu dhibiti. Desemba 2023 ilielezwa kasoro nyingine, LogoFAIL, iliyotokana na namna programu dhibiti za kampuni nyingi zinavyosoma picha ya nembo inayoonekana kompyuta inapowaka. Mtengenezaji anaposema kwamba toleo jipya linaziba tundu la aina hiyo, sasisho hilo lisicheleweshwe pasipo sababu.

Ya pili ni hitilafu inayojulikana. Iwapo kompyuta huganda, hushindwa kuamka baada ya kulala au haitambui chaja, na maelezo ya toleo jipya yanataja hitilafu hiyo hiyo, sasisho ni tiba. Mfano ulio wazi ni vichakataji vya Intel Core vya kizazi cha 13 na cha 14 vya kompyuta za mezani. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba baadhi yake vilikuwa vikipokea umeme mwingi kupita kiasi na kuharibika polepole; marekebisho yakatolewa kupitia programu dhibiti. Marekebisho hayo huzuia madhara, lakini hayaponyi kichakataji kilichokwisha kuharibika. Aliyesasisha mapema ndiye aliyenufaika.

Ya tatu ni kifaa kipya. Ubao mkuu wa zamani unaweza usikitambue kichakataji cha kizazi kipya mpaka programu dhibiti isasishwe kwanza. Sasisho la namna hiyo hufanywa kabla ya kung'oa kichakataji cha zamani.

Ya nne inahusu vyeti vya kidijitali vya mfumo uitwao Secure Boot, ambao huthibitisha kwamba mfumo endeshi unaoamshwa ni halali. Vyeti vya Microsoft vinavyotumiwa katika kompyuta nyingi vilitolewa mwaka 2011 na muda wake ulipangwa kuanza kumalizika Juni 2026, nafasi yake ikichukuliwa na vyeti vya mwaka 2023. Kompyuta yenye vyeti vilivyokwisha muda huendelea kuwaka, ila hukosa marekebisho mapya ya usalama wa hatua ya kuamka. Kompyuta nyingi zenye Windows inayohudumiwa hupata vyeti vipya kupitia masasisho ya kawaida, lakini baadhi huhitaji kwanza toleo jipya la programu dhibiti kutoka kwa mtengenezaji. Ikumbukwe pia kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

SABABU ZISIZOTOSHA

Kompyuta inayofanya kazi vizuri, ambayo mtengenezaji wake hajatangaza tundu la usalama wala hitilafu inayomgusa mwenye nayo, haihitaji kuguswa. Sasisho la programu dhibiti si njia ya kuongeza kasi. Uzito wa kompyuta mara nyingi hutokana na diski ya zamani, kumbukumbu ndogo au programu nyingi zinazojiwasha zenyewe.

Tangazo linalojitokeza wakati mtu anaperuzi intaneti, likidai kwamba kompyuta yake imepitwa na wakati na inahitaji kusasishwa papo hapo, lisiaminiwe. Vivyo hivyo faili iliyotumwa katika kundi la WhatsApp, hata kama aliyeituma ni jirani mwema. Sasisho halali hutoka sehemu mbili tu: kwa mtengenezaji wa kompyuta, au kupitia mfumo endeshi wenyewe, kama Windows Update.

MIFANO MITATU YA KUPIMA

Mifano ifuatayo imetungwa ili kuonyesha namna ya kuamua.

Mwenye duka la kuchapa na kudurufu huko Usa River ana kompyuta ya mezani. Inachapa barua na fomu za shule bila tatizo, ila ni nzito asubuhi. Rafiki anamshauri asasishe BIOS. Anasoma maelezo ya toleo jipya na kukuta linahusu tu vichakataji ambavyo yeye hana. Uamuzi unaofaa ni kuacha, na fedha ya fundi aielekeze kwenye diski ya kisasa.

Mwanafunzi wa Tengeru amenunua kompyuta mpakato ya mtumba. Kila akiifunika na kuifunua, skrini hubaki nyeusi. Maelezo ya mtengenezaji yanataja kasoro hiyo kwa modeli hiyo. Sababu ipo. Hata hivyo betri yake haidumu dakika kumi. Uamuzi unaofaa ni kusasisha, lakini baada ya kubadilisha betri au kuazima UPS iliyo nzima.

Katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa huko Nkoaranga anapata taarifa ya sasisho la usalama katikati ya masika. Kompyuta ina vitabu vyote vya kikundi. Akikataa moja kwa moja, anaacha tundu wazi. Akikubali usiku wa mvua na radi, anahatarisha vitabu. Uamuzi unaofaa ni kunakili vitabu kwenye diski ya nje siku hiyo hiyo, kisha kusasisha ndani ya siku chache, mchana wa hali ya hewa tulivu.

UMEME KWANZA

Katika miteremko ya Mlima Meru, upepo na mvua za masika huangusha matawi juu ya nyaya, na radi huleta mikatiko ya ghafla. Kukatika kwingine hakuna dalili yoyote. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu katika Gridi ya Taifa iliacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme kwa saa kadhaa. Kwa hiyo umeme wa ukutani peke yake usitegemewe kwa kazi hii.

Kompyuta mpakato ina nafuu kwa sababu ina betri. Ijazwe, na chaja iendelee kuchomekwa. Kompyuta nyingi hukataa kuanza sasisho bila chaja au betri ikiwa chini. Lakini betri iliyokufa haina msaada, na kompyuta nyingi za mtumba zina betri iliyochoka. Jaribio lake ni rahisi: kompyuta ichomolewe na itumike kwa kazi ya kawaida kwa nusu saa. Ikizima, ihesabiwe kama kompyuta ya mezani.

Kompyuta ya mezani inahitaji UPS. Nayo ijaribiwe kabla, kwa kuichomoa ukutani wakati hakuna kazi muhimu inayoendelea, ili ionekane kama inahimili walau nusu saa. Kwa kaya zenye umeme wa jua, betri iwe imejaa na vyombo vizito kama pasi na jiko la umeme vizimwe. Jenereta isitegemewe peke yake, kwa kuwa mafuta yakiisha au ikizimika, kompyuta huzima nayo.

Mambo mawili madogo husahaulika. Kwanza, uniti za LUKU ziangaliwe kabla ya kuanza. Si jambo la ajabu kazi kukatizwa na mita iliyoishiwa. Pili, matangazo ya TANESCO kuhusu matengenezo ya njia za umeme yafuatiliwe, na siku iliyotajwa iepukwe.

HATUA KWA HATUA

1. Kutambua modeli na toleo lililopo. Katika Windows, kitufe chenye nembo ya Windows hubonyezwa pamoja na herufi R, kisha huandikwa msinfo32. Dirisha litakalofunguka huonyesha modeli ya kompyuta, na mstari wa "BIOS Version/Date" huonyesha toleo na tarehe yake. Modeli iandikwe herufi kwa herufi. Kompyuta mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na ubao tofauti.

2. Kusoma kabla ya kupakua. Anwani ya tovuti ya mtengenezaji iandikwe kwa mkono, isichukuliwe kutoka kwenye tangazo. Hapo hutafutwa modeli ile ile na kusomwa maelezo ya toleo. Baadhi ya maelezo hutaka toleo la kati liwekwe kwanza, na mengine huonya kwamba baada ya kusasisha haiwezekani kurudi nyuma. Faili yenyewe mara nyingi ni makumi ya megabaiti tu, hivyo haimalizi bando.

3. Kuulizia makufuli ya kompyuta ya mtumba. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini Arusha zilitumika kwanza katika ofisi za nje ya nchi. Baadhi zimebaki na nywila ya BIOS ya mwenye awali, na bila nywila hiyo huenda sasisho lisiwezekane. Jambo hili liulizwe siku ya kununua, muuzaji akiwapo.

4. Kunakili kazi. Nyaraka, picha na hesabu zinakiliwe kwenye diski ya nje au flashi, kisha nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha inasomeka.

5. Kutafuta ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za Windows hufunga diski kwa mfumo uitwao BitLocker. Baada ya programu dhibiti kubadilika, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa kompyuta. Asiyeujua auandike karatasini kabla ya kuanza, au asimamishe BitLocker kwa muda katika mipangilio ya Windows. Iwapo kompyuta iliandaliwa kwa akaunti ya fundi au ya mwenye awali, jambo hilo litatuliwe kwanza. Vinginevyo mwenye nyumba anaweza kufungiwa nje ya diski yake mwenyewe.

6. Kusasisha. Programu zote zifungwe, na flashi pamoja na vifaa visivyohitajika vichomolewe. Kompyuta inaweza kujizima na kujiwasha mara kadhaa, skrini ikawa nyeusi na feni ikazunguka kwa kelele. Hayo ni ya kawaida. Kwa kawaida kazi humalizika ndani ya dakika chache hadi robo saa, lakini mtu asubiri walau nusu saa kabla ya kudhani kwamba imekwama. Kitufe cha kuzimia kisiguswe, na watoto wazuiwe kusogea karibu.

7. Kukagua. Kompyuta ikishawaka, msinfo32 ifunguliwe tena ili kuthibitisha toleo jipya. Tarehe, saa na mpangilio wa diski ya kuanzia vikaguliwe, kwa kuwa baadhi ya masasisho hurudisha mipangilio ya kiwandani. BitLocker iliyosimamishwa iwashwe tena.

Lipo jambo moja la ziada. Windows Update yenyewe huweza kuleta sasisho la programu dhibiti na kulitekeleza wakati kompyuta inapojiwasha upya. Kwa hiyo ujumbe wowote unaosema programu dhibiti inasasishwa uheshimiwe, hata kama mwenye kompyuta hakumbuki kuuomba.

IKIGOMA KUWAKA

Kompyuta isiyowaka baada ya sasisho haijafa kwa lazima. Kompyuta nyingi za HP hujaribu kujirejesha pale kitufe cha Windows na herufi B vinaposhikiliwa wakati wa kuwasha. Nyingi za Dell hutumia Ctrl na Esc. Baadhi ya ubao wa kompyuta za mezani una kitufe maalumu nyuma kinachosoma faili kutoka kwenye flashi bila hata kuhitaji kichakataji. Maelezo kamili hupatikana kwa mtengenezaji, kwa modeli husika.

Hayo yakishindikana, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuiandika upya. Kabla ya kumkabidhi kompyuta, mkazi akubaliane naye bei, amwulize faili anaipata wapi, na achukue risiti. Mkazi afahamu pia kwamba nyaraka zake hazimo katika chipu hiyo, bali katika diski, ambayo ni kifaa kingine. Fundi anayesema kwamba lazima diski ifutwe ndipo BIOS itengenezwe aombwe maelezo, na pengine ushauri utafutwe kwa fundi wa pili. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itahitaji ule ufunguo wa tarakimu 48 ili isomeke katika kompyuta nyingine.

Taarifa za matundu mapya ya usalama hutolewa na TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na zinaweza kusomwa katika tovuti yake.

MUHTASARI WA KUBANDIKA UKUTANI

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, mwenye kompyuta ajibu maswali matano. Je, mtengenezaji ametaja sababu inayoihusu kompyuta hii? Je, faili ni ya modeli hii hasa, na imetoka kwa mtengenezaji? Je, nakala ya kazi zote ipo nje ya kompyuta, na ufunguo wa BitLocker unajulikana? Je, betri au UPS imejaribiwa, na uniti za LUKU zinatosha? Je, ipo saa nzima ya utulivu bila mtu mwingine kuihitaji kompyuta?

Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, kompyuta iachwe kama ilivyo. Likiwa ndiyo, lakini moja kati ya manne yanayofuata likawa hapana, sasisho lisubiri mpaka kasoro hiyo irekebishwe, na irekebishwe ndani ya siku chache, hasa sababu ikiwa ni ya usalama. Yote matano yakiwa ndiyo, kazi ianze.